Picha Niliyojikata Mwenyewe

Wiki iliyopita mliniacha nje ya geti la Bi Mkunga, mfuko wa nailoni mkononi na jina la mwizi mgongoni. Aliyetukosa tangu mwanzo asihangaike. Mkosi wangu ni mwepesi kusimulia, mzito ni kuubeba.

Niliacha shule darasa la tano ili nimuuguze mama. Mama akafa hata hivyo. Dada yangu, ambaye alisomeshwa mpaka mwisho, alikuwa na kazi yake na mambo yake, nami nikaenda kufanya kazi za ndani kwa mkunga mstaafu. Siku moja Bi Mkunga akakosa hereni zake za dhahabu, zenye umbo la jani. Akapekua mfuko wangu, akakuta hereni za jani.

Zilikuwa za mama. Ndizo alizoniachia, basi. Moja ilikuwa na kovu kwenye kikulabu, ilikatika zamani sonara akaiunga.

"Na moja umeshaivunja," alisema Bi Mkunga. Akazivaa palepale, akanifungulia geti.

Sikujitetea. Mimi nikikemewa, ulimi unakuwa kama umepakwa gundi. Maneno hunijia baadaye, nikiwa peke yangu, na huja mengi.

Basi nikaenda kwa dada.

Nilimkuta anapiga pasi blauzi ya kazini. Yeye ni mpokea wageni kwenye zahanati. Nikamweleza yote huku nikitazama vidole vya miguu yangu.

"Hiyo nyumba ina geti la bluu?" aliniuliza.

"Ndiyo, dada."

"Ukutani kuna bomba la mbao, la kusikilizia watoto tumboni?"

"Umelijuaje?"

 Blauzi ikaanza kunuka kuungua na yeye hakuinua pasi.

Mchumba wa dada ni mtu wa maabara kwenye zahanati hiyohiyo. Alifiwa na mama yake akiwa mchanga, akalelewa na shangazi. Shangazi mwenyewe ndiye Bi Mkunga. Yeye akisema ndiyo, harusi ipo. Akisema hapana, hata viti havitapangwa.

"Hereni ni za mama," dada alisema. "Mimi najua, na wewe unajua."

"Basi mwambie, dada. Wewe atakusikiliza."

"Nimwambie mwizi aliyemfukuza ni mdogo wangu? Kule nimesema mama alizaa mmoja tu."

"Ulisema lini?"

"Zamani. Kabla hata hujaenda kwake." Akaigeuza blauzi, akatazama alama ya pasi. "Msichana wa kazi za ndani hatajwi mezani kwa wakwe. Usinikasirikie, ndivyo watu walivyo."

Sikumkasirikia. Kukasirika nako kunataka mtu aliyeshiba.

Kabla wiki haijaisha akawa amenipatia mahali mbali naye: duka la kuchapisha la Mama Wino, nyuma ya soko. Nifagie, nichemshe chai, nilale stoo. Alimwambia Mama Wino kwamba mimi ni binti wa mtaani kwao aliyekosa pa kwenda.

Mama Wino akatutazama mmoja mmoja.

"Mtaani kwenu pua zinauzwa duka moja?"

Dada alicheka sana. Mimi nikachukua fagio.

* * *

Mama Wino alikuwa na vidole vyeusi ambavyo sabuni ilishavikatia tamaa. Alichapisha kadi, matangazo, barua, na kitu kilichokuwa kimeanza kupendwa: kijitabu cha simuni. Ni kurasa chache za maneno na picha. Mtu anatumiwa kwenye simu, anafungua, anapekua kwa kidole. Harusi, msiba, duka jipya, kila mtu alitaka kijitabu.

Aliniita Kimya. Nikimaliza kufagia nilisimama nyuma ya kiti chake nikitazama kioo cha kompyuta, mpaka siku moja akasema bila kugeuka:

"Kimya, unanipumulia kisogoni kama ng'ombe. Vuta stuli ukae."

Hivyo ndivyo nilivyoanza shule yangu ya pili.

Alinifundisha kwa lugha ya nyumbani. Ukurasa ni chumba kitupu. Maneno yanakaa ndani ya sanduku, na sanduku unalisukuma kama unavyosukuma kabati. Picha nayo ni kabati. "Usijaze vitu mpaka mtu akose pa kupita," alisema. "Macho nayo yanataka njia." Maneno hayawekwi juu ya uso wa mtu. Rangi mbili zinatosha, ya tatu inaleta ugomvi. Picha ikuzwe kwa kushikwa pembe. Ukiishika ubavuni, mtu anatanuka.

Nilisoma polepole, kwa midomo. Niliandika kwa kidole kimoja, nikiitafuta kila herufi kama mbuzi aliyepotea. Lakini kupanga nilikujua. Nimepanga vyumba vya watu tangu nikiwa mdogo.

Kazi ya kwanza kupewa peke yangu ilikuwa tangazo la bucha. Nikasahau habari ya pembe, nikavuta ubavu. Muuza nyama, ambaye ni mwembamba kama ufito, akatoka na mashavu, na mabega kama mlango. Alipokuja kuchukua kazi yake nilikimbilia stoo.

"Nani ametengeneza hii?" nilimsikia.

"Ni mwanafunzi, utusamehe, tutarekebisha," alisema Mama Wino.

"Mrekebishe nini? Muuza nyama akionekana ana njaa, nyama yake ataila nani? Niacheni hivihivi. Hata mke wangu ameipenda."

Tangu siku hiyo stuli ikawa yangu, na mashine moja ya kompyuta ikawa yangu. Ilikuwa ile kuukuu ya kwenye kaunta. Picha kubwa ilizifungua polepole, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayeteremsha pazia. Waya wake ulichomekwa pembeni mwa kaunta na plagi ilikuwa imelegea, ukiigusa tu kioo kinazimika. "Plagi hiyo asiiguse mtu," Mama Wino alisema kila asubuhi, kama sala.

Nilianza kuamka nikiwa na hamu ya kufika kazini, wakati nalala kazini hapohapo. Nilikuwa na furaha ya aina hiyo. Ya kijinga.

* * *

Dada alikuja mchana mmoja, Mama Wino akiwa amekwenda kununua karatasi. Hakuwa amekanyaga pale tangu aniache. Alikuja kama wateja wengine, akasimama upande wao wa kaunta.

"Nataka kijitabu cha harusi," alisema. "Nasikia wewe ndiye unayejua sasa."

Nikahisi uso unapata moto. Kumbe alikuwa amesikia habari zangu.

Akatoa picha mbili za studio. Nilizijua kabla hajazigeuza. Zilipigwa siku moja, mama akiwa bado na nguvu zake: yeye ameketi katikati, dada kushoto, mimi kulia, nyuma yetu pazia la maua. Mama alikuwa na jozi moja ya hereni na mabinti wawili, akaamua kila mmoja avae kwa zamu. Kwenye picha ya kwanza nimevaa mimi. Kwenye ya pili amevaa dada, lakini amefumba macho.

"Tumia hii niliyofumbua," dada alisema.

Nikaziingiza zote mbili kwenye mashine, kubwa kuliko kazi ilivyotaka. Nilitaka kumwona mama kwa karibu. Nilimkuza mpaka akajaa kioo kizima, nikaona hata kidoti cha chini ya jicho lake nilichokuwa nimekisahau. Kisha picha ikateleza pembeni na nikajikuta mimi. Sikioni jani. Kwenye kikulabu, lile kovu, limevimba kama punje ya mchele.

"Dada, tazama," nilisema. "Kovu linaonekana. Mimi hapa ni mtoto kabisa, Bi Mkunga simjui. Picha hii inanitetea."

Dada akatazama. 

"Kweli inakutetea," alisema. "Sasa jikate."

"Unasemaje?"

"Jikate, tubaki mimi na mama. Unadhani kwa nini nimekuletea wewe? Watengenezaji wamejaa mjini. Ukifanya wewe, hakuna mwingine atakayeiona ikiwa nzima."

Nikaangalia herufi za mashine. Zilikuwa na vumbi katikati.

"Mdogo wangu." Akaishusha sauti, akaniwekea mkono begani juu ya kaunta. "Wewe bado mdogo, mambo yako yako mbele. Mimi nikimkosa huyu naanzia wapi? Nikishaolewa, nikishatulia, nitalisema. Nitakurudishia jina lako. Naapa kwa mama."

Mama alikuwa anatutazama kutoka kwenye kioo.

Mama Wino alikuwa amenionyesha alama ya mkasi: unashika ukingo wa picha, unausukuma ndani, kisichotakiwa kinatoweka. Nikashika ukingo wa kulia. Nikasukuma. Likaenda bega langu, likaenda sikio na jani lake, nikaenda mimi mzima. Ukabaki mkono wa mama umenyooka pembeni, umeshika hewa. Ulikuwa umenishika mimi kiunoni.

"Huo mkono," dada alisema. "Unaonekana vibaya. Weka ua."

Nikaweka ua.

"Chini andika: Bi harusi ni mtoto pekee wa marehemu."

Nikaandika. *Pekee* ina herufi chache, lakini kwa kidole kimoja ni safari. Dada alisubiri mpaka nikafika.

Mama Wino aliporudi akauona ukurasa, akausifu. Nafasi nzuri, rangi mbili, macho yana njia. Kisha akakuna shingo.

"Hili ua mbona limeota mahali pa ajabu?"

"Mteja amelitaka," nilisema.

"Wateja," alisema Mama Wino, akaenda kupanga karatasi zake.

* * *

Mama Wino alikuwa na sheria moja. Mteja anatumiwa kijitabu kilichofungwa, ambacho hakibadiliki tena. Kile chenyewe, kinachoweza kufunguliwa na kupangwa upya, hakitoki dukani. "Mteja hapewi chungu," alisema. "Anapewa sahani."

Dada akarudi. Wifi yake, yaani dada wa mtu wa maabara, alikuwa na kompyuta ofisini kwake, naye alitaka kuingiza mwenyewe picha na maneno ya upande wao.

"Nipe kile cha kubadilisha," dada alisema.

"Mama Wino hataki, dada."

"Mama Wino yuko wapi? Na nikimrudia wifi mikono mitupu, ataanza kuuliza kinachofichwa ni nini. Unataka aulize?"

Sikutaka. Nikampa chungu.

Wifi hana kosa, simlaumu. Alitaka kuweka picha ya Bi Mkunga kwenye ukurasa wetu, nafasi haikutosha, akaliondoa lile ua, akashika ukingo wa picha ili aisogeze. Picha ikafunguka kama mlango na mimi nikawa nimesimama pale, ubavuni mwa mama, nimetoa macho. Bi Mkunga alikuwa ameketi karibu yake.

Hayo niliyasikia baadaye. Siku yenyewe niliona kivuli tu mlangoni.

Dada alikuwa kwenye kaunta, amekuja kuchukua kazi iliyokamilika. Mama Wino alikuwa anajaza wino. Mimi nilikuwa kwenye stuli yangu. Akaingia Bi Mkunga na mkoba wake mweusi, na masikioni hereni za jani.

"Shikamoo, shangazi," alisema dada, na sauti ikamkatikia katikati.

"Marahaba." Hakumtazama. Alinitazama mimi. "Kumbe na mwenyewe upo."

Nilimwamkia. Au nilidhani nimemwamkia.

"Nyuma ya kijitabu mmeandika jina la duka," alimwambia Mama Wino. "Nataka kuiona picha ya marehemu mama yake bi harusi. Hapa, kwenye mashine yenu. Ile nzima."

"Nzima ipi tena?" Mama Wino akafungua kijitabu kwenye mashine yangu, akashika ukingo wa picha, akavuta. Nikatokea.

"Niliikata," nilisema kwa pumzi. "Niliikata kwa mkasi, Mama Wino."

Akanigeukia taratibu. "Mkasi wa kompyuta haukati, mwanangu. Unafunika tu. Ndiyo maana nikasema tuwape sahani." Kisha akauona uso wangu.

Hilo somo sikulilipia ada. Nililipia kwa njia nyingine.

Bi Mkunga aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Akamgeukia dada.

"Huyu msichana ni nani wenu?"

Dada alicheka kidogo, kile kicheko cha mapokezi anachowapa wagonjwa waliokaa sana. "Huyo? Mtoto wa jirani, shangazi. Alikuwa hakauki kwetu. Siku ya picha akajipenyeza, mama kwa huruma zake akamwacha."

"Mtoto wa jirani."

"Ndiyo, shangazi."

"Nakuuliza tena, mwanangu, maana mtu huweza kujibu kwa haraka. Ni nani wenu?"

"Si ndugu yangu. Hata nikiulizwa mbele ya nani."

Bi Mkunga akanigeukia. "Na wewe? Huyu ni dada yako au si dada yako?"

Dada alikuwa nyuma yake. Hakunikonyeza, hakunitisha. Alifumba macho tu.

Nikamkumbuka akiwa msichana, amenibeba mgongoni tunavuka mtaro mvua inanyesha, yeye maji magotini, mimi nimemkaba shingo. Alinibeba kweli. Hilo nalo sina budi kuliandika.

"Si dada yangu," nilisema.

Mimi ambaye wateja huniambia nirudie, mara hii hakuna aliyeniambia nirudie.

Bi Mkunga akavuta kiti, akakaa. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya kaunta.

Ndani mlikuwa na hereni mbili za jani. Moja ina kovu.

Nikatazama kaunta. Nikatazama masikio yake. Jozi mbili.

"Zangu nimezipata," alisema. "Zilikuwa kwenye mfuko wa koti langu la zamani la kazini. Nilizivua kwa mikono yangu nikasahau, uzee huo. Nimekutafuta, binti. Nimeuliza sokoni, nimeuliza kwa majirani. Jana nilipoiona hii picha nikasema Mungu amenirahisishia, kumbe niliyemdhulumu ni mdogo wake mkwe wangu. Nimekuja hapa nimejiandaa kupiga magoti, na magoti yenyewe haya mabovu."

Mashine ya kuchapisha ilitoa karatasi moja, ikanyamaza.

"Kumbe si mdogo wake," alisema Bi Mkunga.

Dada akafungua mdomo.  Nilimwona anatafuta njia ya kurudi, na njia ameifukia mwenyewe. Akisema kweli sasa, ni mwanamke aliyemkana ndugu yake mara mbili mbele ya shangazi wa mume, tena bila sababu. Uongo wote ule ulikuwa umezuia ombi la msamaha ambalo hakujua linakuja.

"Basi nisaidie jambo moja," Bi Mkunga alimwambia. "Kwenye picha amezivaa hizihizi, kovu naliona kwa macho yangu. Hereni hizi zilikuwa za mama yako?"

Hapo palikuwa na upenyo. Angesema ndiyo, ni za mama, alimwachia yule mtoto kwa kumpenda. Ingekuwa nusu kweli, na nusu hiyo ingetutosha wote wawili. Hata mimi wa darasa la tano niliuona upenyo huo.

Lakini aliyezoea kufunika hufunika hata kisichonuka.

"Hapana," dada alisema. "Hizo sijawahi kuziona."

Bi Mkunga akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa umelainika tangu afungue kitambaa. Sasa ulianza kukaza tena, na mimi nikautambua. Ni ule wa getini.

"Mtoto wa jirani," alisema, kama anayesoma. "Wazazi wake hawapo pichani. Amejipenyeza katikati ya watu, na masikioni ana dhahabu ambayo wenye picha hawaijui." Akanitazama. "Basi, binti, mimi hukuniibia, na kwa hilo nisamehe. Lakini hizi uliziiba kwingine. Tena ukiwa kitoto hivi."

"Bi Mkunga, ngoja kwanza," alisema Mama Wino.

"Ningoje nini, mwenzangu? Mwenyewe amekubali si ndugu yao. Bi harusi anasema hazijui." Akakifunga kitambaa fundo. "Nazipeleka kituo cha polisi. Mwenye mali atazifuata huko, na jina la aliyekuwa nazo nitawaachia. Na wewe mama, angalia unamkalisha nani karibu na droo yako."

Akasimama, akashika mkoba, akaelekea mlangoni.

 Mama Wino aliitazama droo. Mara moja tu, kisha akanitazama mimi, kisha akaona aibu kwa kuitazama. Hiyo mara moja iliniuma kuliko polisi.

Nikamtazama dada. Alikuwa na macho yale ya siku niliyojikata pichani. Midomo yake ikasema bila sauti: nitakurudishia.

Maneno yangu, kama kawaida yake, hayakuja. Ulikuja mkono.

Picha ya pili ilikuwa bado imo ndani ya mashine. Niliiingiza siku ileile, kubwa, nzima, haijaguswa na mkasi. Ile ambayo mimi nina masikio matupu, na hereni za mama amevaa dada.

Nikaibofya.

"Bi Mkunga," nilisema. "Geuka."

Akageuka.

Mashine yangu ni kuukuu, niliwaambia. Picha ikaanza kushuka polepole. Pazia la maua. Kitambaa cha kichwa cha mama. Nywele za dada, zimesukwa kwa mistari. Paji lake la uso. Nyusi.

Dada aliijua kabla yetu sote. Alipita pembeni mwa kaunta, akainama, nikaona vidole vyake, na pete ya uchumba katika kimoja, vikiikamata ile plagi iliyolegea.

Kwenye kioo yakatokea macho yake, ameyafumba. Masikio bado.